Soksi za kwanza za mtoto kwa spoki tano za baiskeli

Juni na Julai hapa Newala ukungu wa asubuhi unaingia mpaka uani, na mtoto mchanga miguu inapoa hata ukimfunika khanga tatu. Soksi nyingi za dukani ni mfuko tu, zinadondoka njiani kabla hamjafika kliniki. Ya kufuma kwa mkono haidondoki kwa sababu ina kisigino. Ndiyo maana nawaomba wanaoanza wasikimbilie skafu. Anzeni na soksi ya mtoto: ni ndogo, na ukishaelewa kisigino hakuna vazi la kufuma litakalokutisha.

Vifaa

Bonge moja la gramu 50 la uzi mwembamba wa sweta za watoto. Linatosha pea moja na uzi unabaki.

Sindano tano zenye ncha pande zote mbili. Mimi natumia spoki. Fundi baiskeli hakosi spoki kuukuu. Chagua zisizo na kutu, maana kutu haitoki kwenye uzi mweupe. Unene wake ni kama milimita 2, ndio unaoufaa uzi huu. Mwombe akate kichwa kilichopinda na upande wenye hesi, zibaki sentimita 18 hivi. Ncha zisugue kwa tupa, halafu kwa msasa, mpaka ziwe za mviringo. Kisha burura kila ncha taratibu juu ya khanga iliyochakaa. Ikinasa hata uzi mmoja, rudi kwenye msasa. Wengi wanaokata tamaa hudhani mkono wao ni mzito, kumbe ni spoki inayopasua uzi.

Nikisema *kawaida*, uzi uko nyuma ya sindano. Nikisema *kinyume*, uzi uko mbele, upande wako.

1. Mdomo na shingo

Anzisha vitanzi 40 juu ya spoki mbili zilizoshikwa pamoja, kisha chomoa moja. Hapa sitanii. Soksi yangu ya kwanza niliianzisha juu ya spoki moja na nikakaza. Ilipendeza machoni, lakini mguu wa mwanangu ulikwama mdomoni, nikaifumua yote.

Gawa vitanzi 10 kwa kila spoki, spoki nne. Ya tano ndiyo ya kufumia. Kabla ya kuunga duara, hakikisha ukingo wote umelala chini. Ukiunga umejisokota, dawa yake ni kufumua tu. Fuma viwili kawaida, viwili kinyume, mizunguko 12. Ongeza mizunguko 10 ya kawaida tupu.

2. Ulimi wa kisigino

Vitanzi 20 vya spoki mbili viache vipumzike; hivyo ni vya juu ya mguu. Vile 20 vingine fuma kwenda na kurudi mistari 20: kawaida ukienda, kinyume ukirudi. Kila mstari, kitanzi cha kwanza kihamishe bila kukifuma. Utaona kila ukingo umejisuka mnyororo wa vitanzi 10 vikubwa. Itunze minyororo hiyo, utaihitaji.

3. Kugeuza kisigino

Kaa penye mwanga, na watoto wawe wamelala.

Fuma 12 kawaida, viwili pamoja, kimoja kawaida. Geuza kazi, ingawa kuna vitanzi 5 hujavifikia. Hamisha kimoja, fuma 5 kinyume, viwili pamoja kinyume, kimoja kinyume. Geuza tena. Sasa utaona mwanya mdogo pale ulipogeukia mwanzo. Hamisha kimoja, fuma mpaka kibaki kitanzi kimoja kabla ya mwanya, kisha fuma pamoja kitanzi cha huku na cha ng'ambo, ongeza kimoja, geuza. Endelea hivyo pande zote mbili. Mistari miwili ya mwisho haitakuwa na kile kimoja cha kuongeza, usiogope. Ukimaliza vimebaki 12 na kazi imejikunja kama kikombe. Kiweke kwenye kidole gumba uone.

4. Kurudi kwenye duara

Fuma hivyo 12, okota 10 kwenye mnyororo na kimoja zaidi kwenye kona ili pasibaki tundu. Fuma 20 vya juu ya mguu, okota 11 upande wa pili. Jumla 54. Kila baada ya mzunguko mmoja mtupu, punguza kitanzi kimoja kila upande (yaani fuma viwili pamoja), pale vya pembeni vinapokutana na vya juu. Ukifanya hivyo mara 7 umerudi kwenye 40.

5. Unyayo na vidole

Fuma kawaida mpaka sentimita 7 kutoka nyuma ya kisigino. Kisha punguza vinne kwa mzunguko, viwili kila ubavu, ukiruka mzunguko mmoja mmoja, mpaka vibaki 16. Punguza mizunguko miwili mfululizo, vibaki 8. Kata uzi, upitishe ndani ya vyote, vuta, fungia ndani.

Maswali ya wanakikundi

*Kati ya spoki na spoki vinatokea vitanzi vilegevu kama ngazi.*
Kaza kitanzi cha pili cha kila spoki, si cha kwanza peke yake.

*Dada, huku Lindi joto. Naweza kutumia uzi wa pamba?*
Unaweza, ila pamba ikishavutika hairudi kama uzi wa sweta, soksi hulegea. Anza na 36, kisigino 18, na kwenye kugeuza anza na 11 badala ya 12. Ukiona jasho linagandisha uzi, fuma alfajiri.

*Na za mume wangu?*
Fuma kipande, hesabu vitanzi ndani ya sentimita 10. Tuseme ni 34. Mguu wake ukiwa na mzunguko wa sentimita 22, punguza kama sehemu moja ya kumi, ibaki 20: ni vitanzi 68. Kisigino ni nusu, 34. Kugeuza unaanza na nusu ya hiyo na kuongeza 2, yaani 19.

*Ya pili imetoka ndefu kuliko ya kwanza.*
Ulipima kwa rula, mama, na soksi inavutika. Hesabu mizunguko. Kila baada ya 10 funga kipande cha uzi wa rangi nyingine, na usivitoe mpaka ya pili iishe.