Somo: kutoa kutu kwenye chemli na karabai za zamani

Wakuu habari zenu. Huku Mwanjelwa, Mbeya, naona chemli nzima kabisa zinapimwa kwa kilo na wanunuzi wa chuma chakavu kisa tu zimeshika kutu, inaniuma kweli, maana kutu ya juu inatoka na taa inawaka tena.

Anza na sumaku. Ikinasa hilo ni bati la chuma, chemli nyingi ziko hivyo. Isiponasa ni shaba, mfano tenki la karabai ya Petromax, ule weupe unaong'aa ni nikeli imepakwa juu. Hiyo usiguse na msasa wala brashi ya waya, nikeli ni nyembamba ikishatoka ndo basi, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni inatosha.

Chemli sasa: toa kioo, utambi na kichwa chake, mwaga mafuta ya taa yote, osha tenki kwa sabuni, anika juani. Halafu loweka vile vya chuma kwenye siki nyeupe usiku mmoja, na usichanganye na vipande vya shaba kwenye beseni moja, chuma kitatoka na wekundu wa shaba. Asubuhi kutu imekuwa tope jeusi, sugua na mswaki mkuukuu linatoka lenyewe. Usiache siku nyingi, siki itaanza kula bati.

Hapa ndo wengi wanaharibu. Ukishasuuza, chovya kwenye maji yenye magadi soda kuua ile asidi, suuza tena alafu kausha PALE PALE kwa kitambaa na jua kali, maana bati tupu likikaa na maji hata dakika chache linarudi njano njano na kazi yote unaanza upya.

Piga msasa namba 240 kisha 400, futa na thina, paka redoksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) nyembamba, ikikauka rangi mikono miwili. Ila kofia ya juu inapata moto sana, pale paka rangi ya ekzosi ya pikipiki moja kwa moja kwenye bati, bila redoksaidi. Ndani ya tenki usipake kitu. Mwezi wa sita na wa saba ngoja ukungu uishe, mi napaka kuanzia saa tano, ukipaka kwenye unyevu rangi inapauka.

MASWALI

Mdau wa Tukuyu: Mkuu huku mvua haikatiki, jua nalitoa wapi?
Jibu: Kaushia karibu na jiko la mkaa, ila hakikisha tenki halina hata harufu ya mafuta, na rangi au thina zikae mbali na moto.

Mdau wa Njombe: Kaka siki imepanda bei, asidi ya betri je?
Jibu: Hapana dada angu, ile inakula bati na inaunguza macho. Kamua malimao, yanachelewa kidogo ila yanafanya kazi.

Mdau wa Mafinga: Rangi ya zamani inabanduka, nipige msasa mkavu?
Jibu: Lowesha kwanza, rangi za zamani nyingine zina risasi, vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto.

Mdau wa Makambako: Tenki lina kitobo, nipeleke kwa fundi welding?
Jibu: Usipeleke, mvuke wa mafuta unaweza kulipuka na bati lenyewe litayeyuka. Chemli inazibwa kwa kulehemu na risasi, ukimaliza jaza maji uilaze juu ya gazeti usiku kucha. Tenki la karabai likitoboka usiliwashe tena, lile linapigwa upepo, weka pambo sebuleni.