Mistari myeusi kwenye utepe haitoshi

Wewe unayefungua vifurushi vya vifaa vya tiba vilivyotakaswa kwa mvuke ili kuua vijidudu, usiridhike na utepe wa nje pekee, ule unaobadilika rangi. Mistari yake ikigeuka kutoka rangi hafifu kuwa myeusi, inakuambia jambo moja tu: kifurushi kilipitia kwenye joto la mashine ya kutakasa. Haikuambii kwamba mvuke ulipenya hadi katikati, wala kwamba nyuzijoto 121 zilidumu muda unaotakiwa. Kifurushi kilichobanwa mno kinaweza kuwa na utepe mweusi kabisa huku vifaa vya ndani havijatakasika.

Kwa hiyo weka kiashirio kingine, yaani kitu kinachobadilika rangi kama utepe huo, ndani, pale mvuke unapopata shida kufika, na ukisome kabla ya kugusa kifaa chochote. Hakikisha pia kiashirio kinalingana na njia mnayotumia, kwani cha mvuke si cha joto kavu wala cha gesi.

Kifurushi kikiwa na unyevunyevu au kimetoboka, kirudishe kikatakaswe upya, hata kama rangi imebadilika vizuri. Nasisitiza hili kwa sababu mgonjwa anayelala pale mezani hana namna ya kukagua mwenyewe. Na tarehe iandikwe kwenye lebo, si kwenye kitambaa, wino hupenya.