Arusha, Longido, Natron: msafara wa foo-wili wa wikendi moja

Kwa kikundi cha foo-wili (magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne) chenye siku mbili au mbili na nusu, mzunguko wa Arusha, Longido, Gelai, Engaresero, Engaruka na Mto wa Mbu unatosha kumfundisha dereva karibu kila kitu. Kuna mchanga, vumbi la majivu, mawe ya volkano, makorongo na ukingo wa Natron, ziwa la magadi. Magari mengi yanayokwama huko hayakwami kwa udhaifu wa injini. Yanakwama kwa sababu dereva alichelewa kupunguza upepo wa tairi, au alihisi gari linazama akazidi kukanyaga mafuta. Ndiyo maana hapa tumeupa upepo na kazi ya kunasua gari nafasi kubwa kuliko mengine yote.

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, makorongo hujaa na udongo mweusi wa tambarare hugeuka tope linaloziba nafasi zote za meno ya tairi. Hapo hata gari lenye difu tatu za kufunga (zinazolazimisha tairi zote kuzunguka pamoja) halitakusaidia.

Mafuta, maji na vipuri

Jaza tangi Arusha, ongezea Longido. Kituo kingine cha kuaminika ni Mto wa Mbu. Mafuta ya kwenye madumu vijijini hupatikana, ila mara nyingi yana maji na uchafu, na pampu ya dizeli haisamehe. Ukibanwa, yachuje kwa kitambaa kizito, uyaache yatulie, halafu uache lita mbili za chini ndani ya dumu.

Hesabu yake ni rahisi. Weka kilometa 230 za vumbi na mchanga, na kilometa 200 za lami. Land Cruiser ya dizeli iliyopakiwa hupata kilometa 4 kwa lita kwenye ardhi laini na karibu 8 kwenye lami. Hiyo ni lita 58 na lita 25, jumla 83. Ongeza robo kwa kupotea njia, kunasua wenzako na kuwasha injini ili kujaza upepo: lita 104. Kama tangi lako ni la lita 90, unahitaji dumu moja la lita 20, na likae ndani ya fremu iliyofungwa kwa bolti, si kwa kamba.

Maji ya kunywa ni lita 5 kwa mtu kwa siku, maana joto la Bonde la Ufa hukaribia nyuzi 40, na lita 10 za ziada kwa ajili ya rejeta. Usitegemee maji ya huko chini kwa kunywa. Mengi yana chumvi na magadi.

Vipuri havihitaji kuwa vingi, vinahitaji kuwa vya gari lako. Chukua mkanda wa feni, mipira ya rejeta ya juu na ya chini na vibano vyake, filta ya dizeli, beringi za gurudumu moja la mbele pamoja na sili, yu-bolti mbili na senta bolti ya springi, bushi za shokomzoba, fyuzi, waya mita 5, gundi ya chuma, oili ya injini lita 4, oili ya gia lita 2 na mafuta ya breki nusu lita. Ongeza vipande virefu vya mpira wa tyubu kuukuu. Vinafunga springi iliyokatika, mpira wa rejeta unaovuja, hata sailensa iliyoning'inia. Tairi za akiba ziwe mbili kwa kila gari, na tyubu moja ya saizi yako hata kama tairi zako hazitumii tyubu. Mawe ya Gelai na miba ya migunga hupasua ubavu wa tairi, na kiraka cha kusokota hakishiki ubavuni. Dawa ya hapo ni kushona kiraka kwa ndani na kuweka tyubu, kisha uende taratibu.

Juu ya keria ya paani usiweke zaidi ya kilo 50. Uzito wa juu ndio unaolaza gari kwenye mteremko wa pembeni.

Upepo wa tairi

Pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Zikipata joto, kipimo hupanda kwa PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 4 au zaidi na kukudanganya. Kwa gari zito lililopakiwa, tairi za milimita 265 au 285, anza na namba hizi za PSI: lami 36 mbele na 40 nyuma, barabara ya changarawe yenye mikunjo 28, mawe 24, mchanga 18, mchanga mzito au gari limekwama 14. Ukishuka chini ya 12, tairi inaweza kuchomoka kwenye ringi unapokata kona.

Kila unapopunguza upepo, punguza na mwendo. Kwenye PSI 18 usizidi kilometa 40 kwa saa, kwenye 14 usizidi 20. Tairi laini inayokimbia huchemka ndani na kupasuka saa moja baadaye, wakati dereva ameshasahau alichofanya.

Punguza upepo Longido, mnapoiacha lami, kabla hamjaanza kuteseka. Msafara wote usimame, upunguze pamoja, upimane kwa geji moja. Geji mbili tofauti zinaweza kupishana kwa PSI 3 au 4, na hapo gari moja litakuwa linateseka bila sababu kujulikana. Wakati huohuo fungeni habu za mbele (vifungo vya katikati ya gurudumu vinavyoliunganisha na ekseli) kwa magari yenye habu za mkono. Kugundua kwamba habu ziko wazi gari likiwa tayari limezama ni kazi ya kulala kifudifudi kwenye mchanga wa moto.

Kompresa ndogo ya volti 12 ifungwe moja kwa moja kwenye betri, injini ikiwa inanguruma. Ukiichomeka kwenye kiwashio cha sigara utachoma fyuzi. Baada ya tairi mbili ipumzishe, vinginevyo sili yake ya ndani inayeyuka.

Mpangilio wa magari

Magari manne hadi sita ndiyo idadi nzuri. Mawili ni machache iwapo moja litavunjika; kumi yatakula siku nzima kwa kusubiriana. Anayejua njia awe mbele. Gari la mwisho liwe na fundi, kamba, na dereva mtulivu. Mwenye uzoefu mdogo awe wa pili au wa tatu, aone mwenzake anapitaje.

Kanuni moja isivunjwe: kila dereva anawajibika kwa gari lililo nyuma yake. Kwenye njia panda unasimama mpaka umeliona, na limekuona unakoelekea. Simu hukatika kwa sehemu ndefu kati ya Gelai na Engaresero, hivyo kila gari liwe na redio ya mkono na ramani iliyopakuliwa kwenye simu. Acheni mita 300 kati ya gari na gari, zaidi kama hakuna upepo wa kupeleka vumbi pembeni. Ajali nyingi za msafara ni mtu kumgonga mwenzake aliyesimama ndani ya vumbi.

Mkikuta mifugo, zimeni mwendo kabisa, msipige honi. Kwenye boma na kwenye mageti, salamu kwanza, shughuli baadaye. Mzee anasalimiwa shikamoo kabla ya kuulizwa njia. Mnapita halmashauri tatu, Longido, Ngorongoro na Monduli, na kuna mageti ya ushuru njiani. Bebeni pesa taslimu na mtunze kila risiti mpaka mrudi Arusha.

Mchanga na makorongo

Ingiza gia kabla ya mchanga, si ndani yake. H4 (foo-wili ya mwendo wa kawaida) gia ya pili au ya tatu kwa mchanga mrefu ulio tambarare, L4 (foo-wili ya nguvu na mwendo mdogo) gia ya pili kwa korongo lenye kingo. Shika mwendo mmoja, fuata alama za aliyetangulia, kata kona pana. Ukitaka kusimama, achia mafuta gari lijisimamie lenyewe. Breki hujenga kilima cha mchanga mbele ya kila tairi, na ndicho kitakachokuzuia kuondoka.

Makorongo yanayoshuka kutoka milima ya volkano ya Gelai na Ol Doinyo Lengai huwa makavu karibu mwaka mzima, lakini mvua ikinyesha mlimani maji hufika chini kwa ghafla hata kama mbingu juu yenu ni nyeupe. Msipige kambi wala kula chakula cha mchana ndani ya korongo. Kama kuna maji, mmoja avuke kwa miguu kwanza, na fimbo mkononi. Yakizidi magoti na yanakwenda kasi, subirini. Kwa kawaida hupungua baada ya saa chache. Injini ikizimika ndani ya maji, usipige stata. Maji yakiwa ndani ya silinda, stata itapinda konrodi (mkono wa pistoni). Vuteni gari nje, fungueni eakilina (chujio la hewa), na ikiwa imelowa toeni nozeli au plagi kabla ya kuzungusha injini.

Gari limekwama

Sekunde tairi zinapoanza kuzunguka bila gari kwenda, toa mguu. Dereva anayesimama hapo hutoka kwa dakika tano. Anayeendelea hulaza difu chini, na kazi inakuwa ya saa moja.

Fuata mpangilio huu bila kuruka. Shusha abiria. Chimba mchanga mbele ya tairi zote nne na chini ya difu, kwa mteremko, mpaka tairi ione njia. Punguza upepo hadi 14. Jaribu kurudi nyuma kwanza, maana nyuma njia imeshashindiliwa. Ikishindikana, weka vibao vya kunasulia, au matawi makavu na matandiko ya sakafuni, na uhakikishe hakuna anayesimama nyuma ya tairi. Kamba ni hatua ya mwisho.

Hapa tunasisitiza kwa sababu kamba huua. Usifunge kamwe kwenye kipira cha kuvutia tela. Kikikatika kinaruka kama risasi na kupenya kioo. Tumia ndoano au sehemu za kuvutia zilizofungwa kwenye chasisi, na shekeli (pingu za chuma zenye pini) zenye alama ya tani 4.75. Kaza pini yake, kisha irudishe robo mzunguko isije ikang'ang'ania. Kama kamba moja haifiki, pitisha kitanzi ndani ya kitanzi na ubane kipande cha mti katikati ili kisikaze. Usiunganishe kwa chuma. Tupia gunia zito au blanketi katikati ya kamba. Watu wote wakae mbali mara moja na nusu ya urefu wa kamba. Mtu mmoja tu ndiye anatoa ishara.

Kamba inayonyumbuka huvutwa kwa kuanza taratibu ikiwa imelegea mita moja au mbili. Kamba isiyonyumbuka au mnyororo huvutwa ikiwa imenyooka tayari, bila kurukia. Kuzichanganya hizo mbili ndiko kunakong'oa chasisi.

Mawe na miteremko

Pandisha tairi juu ya jiwe, usilipitishe katikati ya gari. Difu iko chini kuliko unavyodhani. L4 gia ya kwanza, na mtu wa kuelekeza atembee mbele akitazama tairi. Kushuka, gia hiyohiyo, mguu mbali na klachi, gari likielekea chini moja kwa moja. Mlima ukikushinda usigeuze gari pembeni. Shika breki, ingiza rivasi, rudi kwa njia uliyopandia.

Kila kilometa 40 simameni mkague. Mikunjo ya barabara hulegeza bolti za shokomzoba, keria na kishikio cha betri. Gusa shokomzoba kwa nyuma ya kiganja: ikiwa moja ni baridi na zenzake zinachoma, hiyo imekufa.

Ziwani

Kando ya Natron ganda la magadi huonekana kavu na gumu, na chini yake kuna tope jeusi. Acheni magari kwenye ardhi yenye nyasi, mmalizie kwa miguu. Heroe wadogo huzaliana ziwani humo, na gari huwatisha kwa mbali sana. Engaresero kuna pia nyayo za binadamu wa kale zaidi ya 400 zilizohifadhika kwenye majivu ya volkano. Huko mnakwenda na mwongozaji wa kijiji, na gari lisikaribie kabisa. Dereva aliyepanda mlima Ol Doinyo Lengai usiku asishike usukani siku inayofuata. Mpeni mwingine ufunguo.

Mto wa Mbu jazeni upepo wa lami na mtoe foo-wili. Arusha, osha chini ya gari siku hiyohiyo kwa maji mengi, ndani ya chasisi na juu ya tangi, kwa kuwa magadi hula chuma na waya. Toa eakilina uipulize kuanzia ndani kwenda nje. Fungua kizibo cha difu: oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, imwagwe kabla gari halijatembea tena.