Sosi ya nyanya na pilipili za chupa: kuchemsha kunatosha lini?

Msimu wa nyanya ukipamba moto Ilula na vijiji vingine vya Kilolo, bei hushuka hadi mkulima anaona heri nyanya zioze shambani kuliko kukodi gari la kuzipeleka sokoni. Ndipo vikundi vinapoingia kwenye usindikaji: sosi, rojo la nyanya, achari, pilipili ya kukaanga kwenye mafuta. Uamuzi mzuri kabisa. Lakini ukivitembelea vikundi hivyo ukauliza usalama wa bidhaa unatoka wapi, jibu ni lilelile: "Tunachemsha vya kutosha." Ukiendelea kuuliza vya kutosha ni kiasi gani, kila mtu ana kipimo chake. Mmoja atasema hadi povu liishe, mwingine hadi rangi iive, mwingine saa nzima. Anayetaja uchachu wa nyanya zenyewe ni nadra kumpata. Muda wa kuchemsha hauwezi kupangwa kabla ya kujua uchachu wa chakula, na kwa vyakula vingine hakuna muda wa kuchemsha unaofaa hata kidogo.

Bakteria wengi wanaotuletea kuharisha na homa ya matumbo hufa haraka joto likifika nyuzi 70 hadi 75. Kwao sufuria inayotokota inatosha na kusaza. Anayesumbua ni Clostridium botulinum. Huyu makazi yake ni udongo, kwa hiyo yuko shambani kwako na kwenye maganda ya karoti, vitunguu na viazi unavyovuna. Mazingira yakimwia magumu hujifunga ndani ya spora, yaani mbegu yenye ganda gumu, na spora hiyo haitishwi na maji yanayochemka. Kwenye hewa ya kawaida haioti, ndiyo maana karoti mbichi haitudhuru. Chupa iliyojazwa sosi ya moto na kufungwa ni jambo jingine: oksijeni imetoka, bakteria wengine wote wameuawa na joto, chakula kipo, na rafu ya duka ina uvuguvugu. Spora huota na kutoa sumu.

Ugonjwa unaotokana na sumu hiyo huitwa botulizimu. Mara nyingi dalili huanza kati ya saa 12 na 36 baada ya kula, ingawa zinaweza kuchelewa siku kadhaa: kope kulegea, kuona vitu viwili viwili, mdomo kukauka, ulimi kuwa mzito, kushindwa kumeza, kisha udhaifu unashuka hadi kwenye misuli ya kupumua. Kwa kawaida hakuna homa, jambo ambalo huwapotosha wengi wakadhani ni kiharusi au ni mambo ya kurogwa. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, na aeleze alikula nini.

Hesabu ya joto

Mwaka 1919 na 1920 watu kadhaa walikufa Marekani baada ya kula zeituni zilizosindikwa California. Vifo hivyo viliwasukuma watafiti Esty na Meyer kupima spora hizi zinavumilia joto kiasi gani, na matokeo yao ya mwaka 1922 ndiyo msingi ambao viwanda vya makopo duniani vinausimamia hadi leo. Kwa ufupi, chakula kisicho na uchachu lazima kipate joto la nyuzi 121 kwa dakika 3 hivi, tena katikati kabisa ya kopo, mahali ambapo joto huchelewa kufika. Na kila joto linaposhuka nyuzi 10, muda unaohitajika huwa mara kumi.

Piga hesabu hiyo kwa mazingira yetu. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100: dakika zile 3 zinakuwa zaidi ya saa 6. Lakini kadiri unavyopanda mlima maji huchemka mapema, karibu nyuzi 1 pungufu kwa kila mita 300. Iringa mjini, karibu mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, sufuria inatokota kwenye nyuzi 95 hivi, na muda unafika saa 20. Njombe, kwenye karibu mita 2,000, maji huchemka kwenye nyuzi 93 tu, na hesabu inazidi saa 30. Hakuna mboga itakayobaki mboga baada ya hapo, wala kuni zitakazotosha. Kuongeza moto nako hakusaidii: sufuria iliyo wazi haipiti joto la kuchemka hata ukilijaza jiko magogo.

Viwanda hulimaliza tatizo hili kwa mashine za mvuke wenye shinikizo zinazofika nyuzi 121. Sufuria ya presha ya nyumbani isidhaniwe kuwa ni mashine hiyo. Nyingi hazina geji ya kuonyesha shinikizo, na hupata moto na kupoa haraka mno, hivyo majedwali ya muda yaliyopimwa kitaalamu hayawezi kuzifuata.

Mpaka wa 4.6

Ahueni ya mkulima wa nyanya ni kwamba spora hii haioti penye uchachu. Uchachu hupimwa kwa kipimo cha pH, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo chakula kinavyokuwa kichachu zaidi. Mpaka ni 4.6. Chini ya hapo Clostridium botulinum haamki, na kazi ya joto inabaki kuua hamira, ukungu na bakteria wa kawaida, kazi ambayo maji yanayochemka yanaiweza vizuri. Maembe mengi, mananasi, ukwaju, pasheni na ndimu viko chini ya mpaka. Maharage mabichi, karoti, uyoga, mahindi mabichi, nyama, samaki na maziwa viko juu yake kwa mbali. Hivi visifungwe kwenye chupa za kukaa rafuni. Vikaushwe, vigandishwe au viuzwe vibichi, na mwenye kukuambia kwamba chumvi nyingi kidogo itatosha asikilizwe kwa adabu tu.

Nyanya imekaa ukingoni. Nyingi zina pH kati ya 4.0 na 4.6, lakini zilizoiva kupita kiasi zinaweza kuvuka, na zenye ukungu huvuka kwa urahisi zaidi kwa sababu ukungu unakula ile asidi. Sasa fikiria nyanya zinazoletwa kusindikwa wakati soko limefurika. Ni zile zilizobaki, laini, zilizopasuka, zenye madoa ya ukungu kwenye kikonyo. Kikundi kinaziona kama malighafi ya bure, kumbe ndizo hatari kuliko zote. Chagua zilizoiva zikiwa bado ngumu, zilizobaki wape nguruwe au peleka kwenye mboji.

Hata nyanya nzuri ziongezewe asidi kila mara, bila kubahatisha. Kipimo kinachoshauriwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambacho kimepimwa kwa miaka mingi, ni robo kijiko cha chai cha asidi ya sitriki kwa chupa ya nusu lita, au nusu kijiko kwa lita. Asidi hii ni unga mweupe unaouzwa kwenye maduka ya malighafi za vyakula. Badala yake unaweza kutumia kijiko kimoja kikubwa cha maji ya limau ya chupa kwa nusu lita, viwili kwa lita. Limau la kukamua mwenyewe halifai kwa kazi hii kwa sababu uchachu wake hubadilika kutoka tunda hadi tunda. Kama sosi imekuwa kali mdomoni, ongeza sukari kidogo. Sukari haiondoi asidi, inaficha ladha yake.

Kikundi kinachouza kinunue kipima pH cha mkononi. Kisawazishwe kila asubuhi kwa vile vimiminika viwili vya majaribio vya pH 4 na pH 7, na sosi ipimwe ikiwa imepoa na kusagwa vizuri. Lenga 4.2 au chini, maana kifaa hukosea kidogo na batchi mbili, yaani mapishi ya mikupuo miwili, hazifanani. Andika namba kwenye daftari pamoja na tarehe na namba ya batchi. Mkaguzi wa TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula Tanzania Bara, akija ataanza na daftari hilo kabla ya kuonja chochote.

Mitego miwili: mboga mchanganyiko na mafuta

Wateja wanapenda sosi yenye karoti, hoho, vitunguu na vitunguu saumu. Kila kipande cha mboga hizo kinapandisha pH ya sufuria nzima. Sosi iliyokuwa 4.3 ikiwa nyanya tupu inaweza kupita 4.6 baada ya kuongezwa karoti, na hakuna atakayeonja tofauti. Kinachopimwa kiwe mchanganyiko wa mwisho, na kila mapishi yakibadilika, pima upya. Mwaka 2006 watu 6 Marekani na Kanada waliugua botulizimu kutokana na juisi ya karoti ya kiwandani. Juisi ile ilikuwa imepitishwa kwenye joto la kuua bakteria wa kawaida, lakini spora zilipona, na uchachu wa kuzizuia haukuwepo. Ilipokaa nje ya friji, sumu ikatengenezwa.

Mtego wa pili ni mafuta, na huu uko karibu nasi zaidi. Oktoba 2008, kwenye shule moja ya bweni nchini Uganda, watu watatu waliugua botulizimu na mmoja akafariki. Wote watatu walikuwa wamekula kiungo chenye mafuta kilichotengenezwa nyumbani, na uchunguzi ulikitaja hicho kuwa ndicho chanzo kinachoelekea zaidi. Mafuta hayana uchachu, na yanafukuza hewa. Kipande cha kitunguu saumu au pilipili kilichozama ndani yake kiko mahali spora inapopapenda. Kukaanga nako hakutoi hakikisho: maadamu kipande bado kina maji ndani, katikati yake hapapiti joto la kuchemka hata mafuta yakiwa ya moto namna gani.

Kwa hiyo pilipili ya mafuta ya kuuza rafuni itiwe asidi kwanza. Loweka pilipili na vitunguu saumu vilivyosagwa kwenye siki yenye asidi ya asilimia 5 (soma lebo, zipo dhaifu zaidi), acha iingie hadi ndani, saga na upime pH ya rojo lenyewe kabla mafuta hayajaguswa. Ikishuka hadi 4.2 au chini, endelea. Kikundi kisicho na kipima pH kiuze pilipili kavu ya unga, nayo ina soko. Kuhusu sodiamu benzoeti, ambayo wengi huiita "dawa ya kutunza", inafanya kazi vizuri penye uchachu na inalenga hamira na ukungu. Haigeuzi pilipili isiyo na asidi kuwa salama.

Kazi yenyewe jikoni

Sosi ikiwa tayari na asidi imeingia, jaza ikiwa inatokota kwenye chupa za kioo zilizooshwa na kupashwa moto, acha nafasi ya sentimita moja juu, futa mdomo wa chupa, funga. Mifuniko iwe mipya. Mfuniko uliotumika una mpira uliokwisha kubonyea na hautashika ombwe, yaani hautazuia hewa kurudi ndani. Kisha zamisha chupa kwenye maji yanayochemka yazifunike kwa sentimita 3 hadi 5, na anza kuhesabu muda maji yanaporudi kuchemka, si unapoweka chupa. Kwa sosi ya nyanya kwenye chupa za nusu lita, ukanda wa pwani ni dakika 35. Iringa mjini ni 45, na Njombe 50. Sosi nzito hupitisha joto polepole kuliko juisi, kwa hiyo usijaribu kufupisha muda eti chupa imeshika moto nje. Tumia themometa pia, na uijaribu mara kwa mara kwenye barafu inayoyeyuka: isome sifuri.

Baada ya joto huja kupoza, na hapa watu hulegea. Mwaka 1964 mji wa Aberdeen, Scotland, ulikumbwa na homa ya matumbo iliyowapata zaidi ya watu 400. Chanzo kilikuwa nyama ya kopo kutoka Argentina iliyopozwa kwa maji ya mto yasiyotibiwa. Kopo linapopoa, hewa ya ndani husinyaa, na tone la maji likapenya kwenye mshono. Chupa yako nayo inavuta inapopoa. Maji ya kupozea yawe safi na yenye klorini, yaanze yakiwa ya uvuguvugu ili kioo kisipasuke, na mifuniko isikazwe upya wala kubonyezwa hadi chupa zipoe kabisa.

Zikishapoa, zifute, ziandike namba ya batchi, ziweke kwenye joto la kawaida kwa wiki mbili kabla ya kupeleka sokoni. Mfuniko uliovimba, unaovuja au unaocheza ukiubonyeza katikati ni sababu ya kuitoa chupa na kukagua batchi yote. Ukungu juu ya sosi haukwanguliwi ili kilicho chini kiliwe, kwa maana umeshakula asidi iliyokuwa inalinda chupa nzima. Na usionje ili kuhakikisha, sumu ya botulizimu inaweza kuwepo bila harufu wala ladha. Chupa za kutiliwa shaka zilazwe kwenye sufuria ya maji, zichemshwe dakika 30 zikiwa zimefunikwa na maji hayo, kisha zifukiwe mbali na kuku na mbwa. Anayezishika avae glavu, na meza ioshwe kwa maji yenye klorini kabla batchi inayofuata haijaanza.