Sila ipi inafaa kazi ya kukereza

Kabla ya kufungua kopo la sila (kimiminika cha kuziba vinyweleo vya mti kabla ya kumalizia), amua kwanza utamalizia na nini: nta, laka, vanishi au mafuta. Fundi anayechagua sila kwa bei tu huishia na vanishi inayobanduka kama ganda la kitunguu.

Kama unamalizia na mafuta ya linsidi, usipake sila kabisa. Mafuta yanatakiwa kuingia ndani ya mti, na sila huyafungia mlango.

Kwa nta au laka, sila ya selulosi (ile yenye harufu kali ya thina) ndiyo nyepesi kufanyia kazi. Changanya nusu kwa nusu na thina yake. Hukauka kwa dakika chache tu. Ndani yake mna unga laini wa stearati ya zinki (aina ya sabuni ya zinki) unaofanya msasa uteleze bila kuziba. Lakini unga huohuo hudhoofisha mshiko wa vanishi ya poliurethani. Chini ya vanishi hiyo weka shelaki (utomvu mkavu unaoyeyushwa kwa spiriti) iliyoondolewa nta: gramu 12 za vipande vyake kwa mililita 100 za spiriti, funika, tikisa mara kwa mara na uache usiku kucha. Shelaki iliyokwisha kuchanganywa huchakaa. Dondoshea tone kwenye kioo. Kama kesho yake bado linanata, mwaga. Na usiitegemee peke yake kwenye kikombe, kwa kuwa maji ya moto huigeuza nyeupe.

Mpingo una mafuta ya asili yanayochelewesha vanishi kukauka. Ufute kwa spiriti, kisha pitisha shelaki nyembamba. Mninga na mvule, kwa upande wake, vina vinyweleo vikubwa: mkono mmoja (tabaka moja la sila) hautoshi, piga miwili au mitatu.

Piga msasa namba 120, 180, 240, halafu 320, upanguse vumbi lote. Zima mashine ya kukereza, paka sila kwa brashi, na baada ya nusu dakika futa inayobaki juu. Ukiwasha tena kusugua, tumia karatasi ya tishu, kamwe si kitambaa: kikinaswa huvuta vidole. Iwapo sila ni ya maji, lowanisha kazi kidogo kwanza, iache ikauke na uikwangue kwa 320, maana maji husimamisha nyuzi za mti.

Kati ya mikono, msasa wenyewe utakuambia. Sila iliyokauka hutoa unga mweupe mkavu kama wa ngano. Ikitoa vijidonge vinavyoganda kwenye karatasi, bado ni mbichi, ngoja.

Pwani, wakati wa masika, laka na sila ya selulosi hupata ukungu mweupe kwa sababu thina inayoruka hupoza uso, nao unyevu wa hewa unanaswa ndani. Usirundike mkono mwingine juu yake. Subiri mchana mkavu, pulizia thina kidogo sana, na ukungu utayeyuka wenyewe.