Namna ya kupima kama wanawake wanatendewa sawa kazini na kwenye skrini

Mjadala wa usawa hukwama kwa sababu kila mtu huja na mfano wake. Huyu atamtaja mkurugenzi mwanamke, yule atamtaja dada aliyerudi kutoka likizo ya uzazi akakuta meza yake imepewa mtu mwingine, na wote wawili wanasema kweli. Kinachomaliza ubishi ni kuhesabu. Watu wawili makini, lahajedwali moja na wiki mbili au tatu vinatosha kwa ofisi ya watu mia moja, na njia ileile inafaa kwa filamu, habari na matangazo.

Anza na malipo

Omba orodha ya wafanyakazi wote isiyo na majina. Kila mtu apewe namba tu, na mbele ya namba ziwepo safu hizi: jinsia, cheo, idara, aina ya mkataba, mwaka wa kuajiriwa, saa za kazi kwa wiki, mshahara wa msingi, posho, malipo ya saa za ziada na bonasi. Usikubali orodha yenye mshahara wa msingi peke yake. Ngazi za mishahara ya msingi huwa zimeandikwa na zinajulikana, kwa hiyo ni vigumu kuzichezea. Pengo hujificha kwenye bonasi, posho za safari na saa za ziada, yaani malipo ambayo mkuu wa idara anaamua nani ayapate. Ukiona vibarua na wafanyakazi wa wakala wameachwa nje, uliza kwa nini. Mara nyingi wanawake wengi wako huko.

Geuza malipo yote yawe ya saa moja: jumla ya malipo igawe kwa saa zilizofanywa. Bila hatua hii utakuwa unamlinganisha mtu wa nusu siku na mtu wa siku nzima.

Sasa tafuta wastani wa kila jinsia, kisha mshahara wa katikati, yaani ule unaoangukia katikati ukiwapanga watu kutoka wa chini hadi wa juu. Vyote viwili vinahitajika, na mfano mdogo utaonyesha sababu. Wanawake watano wanalipwa 400, 420, 450, 480 na 500. Wanaume watano wanalipwa 410, 450, 500, 600 na 1,540. Wastani wa wanawake ni 450 na wa wanaume ni 700, kwa hiyo pengo ni karibu asilimia 36 ya wastani wa wanaume. Kwa mishahara ya katikati ni 450 dhidi ya 500, pengo la asilimia 10. Tofauti kubwa kati ya majibu hayo mawili ni habari yenyewe: inakuambia kwamba tatizo kubwa liko kileleni, kwa yule mmoja wa 1,540, na swali linakuwa kwa nini hakuna mwanamke aliyefika pale. Mwajiri anayetoa namba moja tu kwa kawaida huchagua ile inayomfaa.

Kisha wagawe wafanyakazi wote katika mafungu manne yaliyo sawa kwa idadi, kuanzia wanaolipwa kidogo hadi wanaolipwa sana, uhesabu wanawake katika kila fungu. Uingereza imekuwa ikiwadai waajiri wenye wafanyakazi 250 au zaidi kutangaza hesabu za aina hii tangu 2017. Iceland ilikwenda mbele zaidi: sheria yake ya 2018 iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 25 au zaidi wathibitishe kwamba mfumo wao wa mishahara haubagui. Mzigo wa kuthibitisha ukawa wa mwajiri badala ya mfanyakazi, na hiyo ndiyo tofauti inayostahili kuigwa.

Kazi tofauti, thamani sawa

Hapa ndipo wengi huishia njiani. Wanalinganisha mhasibu wa kike na mhasibu wa kiume, wanakuta wanalipwa sawa, wanafunga faili. Lakini Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1951, unazungumzia malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa, hata kama kazi zenyewe hazifanani. Kama wapishi ni wanawake na madereva ni wanaume, lazima upime upishi dhidi ya udereva.

Vigezo vinavyotumika ni vinne: ujuzi, wajibu, juhudi na mazingira ya kazi. Panga alama kabla ya kuangalia kazi yoyote, kwa mfano ujuzi 400, wajibu 300, juhudi 200, mazingira 100. Ondoa jina la cheo kwenye maelezo ya kazi, kisha kamati ya watu wanne hadi sita, wakiwemo wanaozifanya kazi hizo, ipime kila kazi bila kujua mshahara wake. Kazi zilizokaribiana alama zinapaswa kukaribiana malipo.

Kosa la kawaida ni kuona jasho la aina moja tu. Kubeba masanduku huandikwa juhudi, ila kumgeuza mgonjwa kitandani mara kumi kwa zamu hakuandikwi popote. Vumbi na kelele vinahesabiwa mazingira magumu, kutukanwa na wateja kuanzia asubuhi hadi jioni hakuhesabiwi. Kusimamia mashine ni wajibu, kusimamia watoto thelathini kunaitwa moyo wa huruma. Orodhesha mambo haya kwa makusudi, vinginevyo zoezi zima litarudisha ubaguzi uleule likiwa na sura ya kisayansi.

Milango: kuajiriwa, kupanda cheo, kuzaa

Kwa kila nafasi iliyotangazwa, iwe ya kuajiri au ya kupandisha cheo, hesabu walioomba, walioingia orodha fupi, waliosailiwa na waliochukuliwa. Linganisha viwango, usilinganishe idadi tupu. Wakiomba wanaume 40 wakapita 10, kiwango chao ni asilimia 25. Wakiomba wanawake 20 wakapita 3, kiwango ni asilimia 15. Gawa 15 kwa 25 upate asilimia 60. Miongozo ya Marekani ya mwaka 1978 kuhusu kuchagua wafanyakazi huchukulia kwamba chini ya asilimia 80 kuna jambo la kuchunguzwa. Ila angalia: angepita mwanamke mmoja zaidi, jibu lingeruka hadi asilimia 80 kamili. Kwa idadi ndogo hivyo, unganisha miaka mitatu hadi mitano kabla ya kumnyooshea mtu kidole.

Tena vunja hesabu kwa idara. Mwaka 1973, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilipokea asilimia 44 ya wanaume walioomba shahada za juu, na asilimia 35 tu ya wanawake. Hesabu zilipochambuliwa idara kwa idara, pengo karibu lote lilitoweka, kwa kuwa wanawake wengi waliomba idara zinazokataa watu wengi. Jumla inaweza kudanganya upande wowote: kuonyesha ubaguzi usiokuwepo mlangoni, au kuficha ulio ndani ya idara moja. Na hata pengo likitoweka, swali linabaki kuhusu nini kinawasukuma wanawake kwenye milango membamba.

Mlango wa tatu ni uzazi. Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, alionyesha kwamba katika nchi tajiri sehemu kubwa ya pengo la malipo lililobaki ni kati ya wanawake na wanaume wa kazi ileile, na kwamba huanza mtoto wa kwanza anapozaliwa. Kwa hiyo chukua wanawake waliojifungua na wanaume waliopata watoto katika kipindi kimoja. Andika cheo na malipo yao mwaka mmoja kabla, kisha miaka mitatu baada. Usisahau walioacha kazi, maana ukiwahesabu waliobaki tu utakuwa umeondoa wale walioumia zaidi.

Kuna ambayo hayaingii kwenye faili lolote. Kwa mwezi mmoja andika nani anachukua kumbukumbu za vikao, nani anaagiza chai, nani anapanga sherehe za kuwaaga wenzake. Hii ni kazi, inakula saa, na hakuna anayepandishwa cheo kwayo. Kuhusu rushwa ya ngono na unyanyasaji, usihesabu malalamiko pekee: sifuri inaweza kuwa na maana ya hofu. Uliza kama kuna njia angalau mbili za kushtaki, mojawapo isiyopita kwa bosi wa mlalamikaji, na kama wafanyakazi wanaijua.

Filamu, habari, matangazo

Chagua sampuli kabla ya kutazama chochote: filamu kumi zilizotazamwa zaidi mwaka huo, taarifa za habari za siku saba mfululizo, au matangazo hamsini yanayorushwa saa fulani maalumu. Ukichagua zile unazozikumbuka, utakuwa umechagua zinazothibitisha unachoamini.

Watu wengi huanza na kipimo cha Bechdel, kilichotoka kwenye katuni ya mwaka 1985: je, kuna wanawake wawili, wanaozungumza wao kwa wao, juu ya jambo lisilo mwanaume? Kinafaa kama chujio la kwanza, basi. Filamu inaweza kufaulu kwa sentensi mbili kuhusu viatu, na nyingine yenye mwanamke jasiri aliye peke yake angani ikashindwa. Bora ushike saa na kuhesabu sekunde za kuzungumza kwa kila mhusika. Ongeza safu za: ana jina? ana kazi inayoonekana akiifanya? uamuzi wake unabadilisha hadithi? kamera inamwonyesha uso au viungo vya mwili? Safu hiyo ya mwisho huleta ubishi. Watazamaji wawili wahesabu sehemu ileile kila mmoja peke yake. Wasipokubaliana angalau mara 8 kati ya 10, andikeni upya maana ya safu kabla ya kuendelea.

Kwenye habari, tenganisha anayesoma na anayeulizwa. Mtangazaji mwanamke anaweza kuwepo kila jioni huku wataalamu wote wakiwa wanaume. Uchunguzi wa kimataifa wa vyombo vya habari unaofanyika kila miaka mitano ulikuta mwaka 1995 wanawake ni asilimia 17 ya watu wanaotajwa au kunukuliwa. Mwaka 2020 ilikuwa asilimia 25. Kwenye matangazo sikiliza sauti inayoeleza kwa nini sabuni inafaa, kisha angalia mikono ya nani inafua.

Soma pia majina yanayopita mwishoni mwa filamu: mwongozaji, mwandishi, mtayarishaji, mpiga picha. Tuzo za Oscar zilianza mwaka 1929, na mwanamke wa kwanza kushinda kama mwongozaji bora, Kathryn Bigelow, alishinda mwaka 2010. Kwa muziki fanya vivyo hivyo: mwimbaji mwanamke anaonekana, lakini tafuta nani aliandika na nani alitengeneza mdundo, kwa kuwa mirabaha ya utunzi hufuata majina hayo.

Unapotangaza matokeo, usionyeshe kundi lenye watu chini ya watano, maana wenzao watawatambua. Ambatanisha fomu uliyotumia na tarehe za sampuli. Baada ya miezi 12 rudia kwa fomu ileile bila kubadilisha hata safu moja. Ukitaka kuongeza swali, liweke mwishoni.