Jinsi ya Kupanga Siku Tatu za Matembezi Mjini Bangkok

Mgeni mwenye siku tatu tu za kuitembelea Bangkok kwa kawaida huandika orodha ya kila mahali aliposikia pakisifiwa, kisha hujaribu kuzimaliza zote kwa teksi. Mpango wa namna hiyo huvunjika kabla ya saa sita mchana ya siku ya kwanza, kwa sababu mji huu una mambo mawili yasiyojali orodha ya mtu, nayo ni foleni za magari na joto lenye unyevu. Njia iliyo bora ni kuugawa mji kwa maeneo, kutengea kila eneo siku yake au nusu siku yake, kuhakikisha kwamba eneo hilo linafikika kwa treni au kwa mashua, na kuyaacha masaa ya jua kali kwa chakula, makumbusho na mapumziko. Mambo yote yaliyoelezwa hapa chini yamejengwa juu ya kanuni hiyo.

Kabla ya kukata tiketi

Miezi inayofaa zaidi ni kuanzia Novemba hadi Februari, wakati mvua zimekatika na asubuhi huwa na nafuu ya hewa. Machi hadi Mei ni msimu wa joto kali, na siku nyingi za Aprili kipimajoto hupita nyuzi 35. Mvua huanza mwezi wa Mei na kuendelea hadi Oktoba, na Septemba ndiyo yenye maji mengi; hata hivyo mvua ya Bangkok mara nyingi humwagika kwa saa moja au mbili za alasiri na kuacha sehemu nyingine ya siku wazi, kwa hiyo asiye na uchaguzi wa tarehe asikate tamaa. Anayefika kati ya tarehe 13 na 15 Aprili atakuta sherehe za Songkran, mwaka mpya wa Kithai, ambapo watu humwagiana maji barabarani bila kumbagua mgeni. Ni sherehe ya kupendeza, lakini haifai kwa mtu aliyekuja kutazama mahekalu kwa utulivu.

Kuhusu hati, kila msafiri aulize masharti ya viza ya pasipoti yake katika ubalozi wa Thailand, kwani hutofautiana sana baina ya nchi na nchi na hubadilika mara kwa mara. Mambo mawili hata hivyo hayana budi kushughulikiwa mapema. La kwanza ni fomu ya kidijitali ya kuingia nchini, ambayo tangu tarehe 1 Mei 2025 kila mgeni anatakiwa kuijaza kwenye mtandao ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Fomu hiyo haina malipo yoyote, kwa hiyo tovuti inayodai ada ya kuijaza si ya serikali. La pili linawahusu moja kwa moja wanaotoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo: cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa angalau siku 10 kabla ya safari. Ukishuka kwenye ndege unatakiwa kupita kwanza katika dawati la afya na kuonyesha cheti hicho, kisha ndipo uende kwa maofisa wa uhamiaji. Wengi hupanga foleni ndefu ya uhamiaji, wakafika mbele, na kurudishwa nyuma kwa kukosa muhuri wa dawati la afya. Angalia vibao mapema.

Katika mizigo, weka adapta ya umeme, kwa maana soketi za huko hazipokei plagi yenye pini tatu bapa iliyozoeleka Afrika Mashariki. Weka pia suruali ndefu au sketi inayofunika magoti, pamoja na shati lenye mikono, na sababu yake itaelezwa. Sigara za kielektroniki ziache nyumbani, kwani ni marufuku kisheria nchini Thailand.

Malazi ni suala la kituo

Katika miji mingine mtu huchagua hoteli kwa kuangalia umbali wake kutoka kwenye vivutio. Bangkok huangaliwa umbali kutoka kituo cha treni, na mwendo wa dakika tano kwa miguu ndio mpaka ambao mimi nisingeuvuka. Kuna treni ya juu, inayojulikana kama BTS, iliyoanza kazi mwaka 1999, na treni ya chini ya ardhi, MRT, iliyofuata mwaka 2004. Hii ni mifumo miwili tofauti, na kadi ya safari ya mmoja haikufai katika mwingine. Kwenye MRT unaweza kugusisha kadi yako ya benki getini na kupita, ilhali kwenye BTS ni afadhali kununua tiketi katika mashine za kituoni. Njia hizo mbili hukutana katika sehemu kama Asok na Sala Daeng, na hoteli iliyo karibu na makutano hayo hukupa mji mzima bila kusumbuka.

Anayetaka kuwa karibu na mto atafute karibu na kituo cha Saphan Taksin, ambacho kiko hatua chache kutoka gati la Sathorn. Mfanyabiashara anayechanganya matembezi na ununuzi wa nguo za jumla atapendelea Pratunam, mtaa ambao wanunuzi kutoka Afrika wameuzoea kwa miaka mingi. Mtaa wa Khao San, maarufu kwa vijana wanaosafiri na mabegi mgongoni, una vyumba vya bei nafuu na kelele za usiku kucha, na hauna kituo cha treni karibu. Kwa ziara fupi siushauri.

Kutoka uwanja wa Suvarnabhumi, ulio kama kilomita 30 mashariki ya katikati ya mji, treni ya uwanja wa ndege hufika kituo cha Phaya Thai kwa takriban nusu saa, na nauli yake ya juu kabisa ni baht 45 (baht ndiyo sarafu ya Thailand). Hapo Phaya Thai unahamia BTS. Ukishukia Makkasan unaweza kuvuka hadi MRT. Wenye mizigo mingi wachukue teksi katika foleni rasmi ya ghorofa ya chini, ambako mashine hutoa karatasi yenye namba ya egesho la teksi yako. Mbali na mita utalipa baht 50 za huduma ya uwanja pamoja na ushuru wa barabara za juu ikiwa mtazitumia. Dereva anayekataa kuwasha mita aachwe, hata kama anatabasamu.

Siku ya kwanza: mji wa kale na mto

Siku hii ndiyo moyo wa ziara yote. Mwaka 1782 mfalme Rama wa Kwanza alihamisha makao yake kutoka Thonburi, ng'ambo ya magharibi ya mto Chao Phraya, na kuanzisha mji mpya upande wa mashariki. Kasri Kuu alilolianzisha ndilo linalopaswa kutembelewa kwanza, tena mapema, kwa sababu mlango wa tiketi hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, na kufikia saa nne uwanja huwa umejaa makundi ya watalii na mawe ya sakafu yameanza kurudisha joto la jua. Kiingilio kwa mgeni ni baht 500, na tiketi huacha kuuzwa saa tisa na nusu alasiri.

Hapa ndipo mavazi yanapokuwa na maana. Mabega na magoti lazima yafunikwe, kwa wanaume na wanawake, na walinzi wa langoni ni wakali. Usitegemee kujitanda kanga au mtandio juu ya blauzi isiyo na mikono, kwani huenda wakaukataa. Shati halisi lenye mikono ndilo salama. Ndani ya eneo hilo limo hekalu la Wat Phra Kaew, lenye sanamu ya Buddha wa Zumaridi. Wengi hutazamia jitu kubwa na kushangaa kukuta umbo la kijani lenye kimo cha sentimita 66 tu, lililokaa juu sana kwenye kiti chake. Mavazi yake ya dhahabu hubadilishwa mara tatu kwa mwaka kufuata misimu, na kazi hiyo hufanywa na mfalme. Picha haziruhusiwi ndani ya ukumbi, viatu huachwa nje, na unapoketi chini nyayo zisielekezwe kwenye sanamu.

Ukitoka hapo, unaweza kwenda Wat Pho kwa miguu, na kama nguvu zinakuruhusu hekalu moja tu kwa siku, mimi ningekuelekeza huku badala ya kasri. Buddha aliyelala humo ana urefu wa mita 46, na nyayo zake zimepambwa kwa chaza za lulu katika alama 108. Hekalu hili pia ni kitovu cha elimu ya uchuaji wa Kithai, na wageni huchuliwa hapo hapo kwa malipo. Baada ya asubuhi ya kusimama, miguu itashukuru.

Kati ya saa sita na saa tisa pumzika mahali penye kivuli. Baadaye shuka gati la Tha Tien, ambako kivuko kidogo huvusha watu kwa baht chache hadi Wat Arun, hekalu ambalo mnara wake umevikwa vipande vya kauri vya Kichina. Ngazi zake ni za mwinuko mkali na wenye kizunguzungu wabaki chini. Wanaotaka picha ya mnara wakati wa machweo wavuke kurudi Tha Tien, kwa kuwa jua hutua nyuma yake.

Jioni nenda mtaa wa Wachina, Yaowarat, kwa MRT kutoka kituo cha Sanam Chai hadi Wat Mangkon. Vibanda vya vyakula huwashwa giza linapoingia, na ni heri kula kidogo kidogo katika vibanda vitatu kuliko kushiba katika kimoja. Nyama ya nguruwe imeenea mno katika mapishi ya hapo, hivyo Mwislamu atafute alama ya halali, au aelekee eneo la Msikiti wa Haroon, karibu na barabara ya Charoen Krung, ambako kuna wapishi Waislamu.

Siku ya pili: mji wa leo

Baada ya siku nzima ya mahekalu, siku hii iwe nyepesi. Nyumba ya Jim Thompson, karibu na kituo cha National Stadium, ni mkusanyiko wa nyumba za Kithai za mbao ya msaji uliofanywa na Mmarekani aliyefufua biashara ya hariri ya Thailand, kisha akatoweka mwaka 1967 huko Malaysia asionekane tena. Pembeni yake unapita mfereji wa Saen Saep, na mashua za abiria zinazopita humo ni usafiri wa wafanyakazi, si wa watalii. Kaa katikati, ujihadhari na maji yanayoruka.

Joto likizidi, maduka makubwa ya mtaa wa Siam yana ubaridi wa kutosha. Saa kumi na moja jioni hamia bustani ya Lumphini, ambako watu hukimbia na kunyoosha viungo kando ya ziwa lenye kenge wakubwa wanaotembea majanini kama wenye hati ya kiwanja. Hawana haja na mtu asiyewachokoza. Saa kumi na mbili kamili wimbo wa taifa hupigwa, na kila mtu husimama; simama nawe.

Siku ya tatu: kutegemea ni siku gani ya juma

Ikiwa ni Jumamosi au Jumapili, jibu ni soko la Chatuchak, linalofikika kwa BTS kituo cha Mo Chit au MRT kituo cha Kamphaeng Phet. Fika saa tatu asubuhi, na kitu ukikipenda kinunue papo hapo, maana kibanda ukishakiacha nyuma hutakiona tena. Siku nyingine, panda Wat Saket, kilima cha dhahabu chenye ngazi za taratibu na mandhari ya mji wa kale, kisha ingia Makumbusho ya Taifa, ukikumbuka kwamba hufungwa Jumatatu na Jumanne. Mji wa kale wa Ayutthaya, uliokuwa mji mkuu hadi ulipotekwa na Waburma mwaka 1767, uko kama kilomita 80 kaskazini. Unastahili siku yake peke yake, kwa hiyo uachiwe mwenye siku nne.

Tahadhari chache

Ulaghai wa zamani kuliko wote ni wa mtu mwenye heshima anayekusimamisha karibu na Kasri Kuu na kukuambia kwamba leo limefungwa, kisha akakuitia bajaji ya bei ya kutupa ikuzungushe mahekalu mengine. Mwisho wa mzunguko huo ni duka la vito. Mshukuru, endelea kutembea, na ukajionee langoni mwenyewe. Mwanamke asimguse mtawa wa Kibudha wala kumkabidhi kitu mkononi. Kuhusu mfalme na familia yake, usitie neno la mzaha hata mtandaoni, kwa kuwa kifungu cha 112 cha sheria ya jinai kinatoa kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa.

Siku ya kuondoka, soma tiketi yako kwa makini. Bangkok ina viwanja viwili vya kimataifa, Suvarnabhumi upande wa mashariki na Don Mueang upande wa kaskazini, na ndege nyingi za bei nafuu hutumia hicho cha pili. Aliyefika kwa kimoja akafikiri ataondokea hapo hapo anaweza kujikuta ng'ambo nyingine ya mji, saa za foleni, ndege ikiwa inapakia abiria.